Kodi ya Mwaka Mzima

Baba Pacha aliendesha malori tangu ujana, na alipostaafu alikigeuza kiinua mgongo chake kuwa vyumba. Vyumba vitano vya kupangisha, vyote vina watu, vilijipanga nyuma ya nyumba yake. Ubavuni palikuwa na boma la vyumba vingine vinne, halina paa, na majani yaliota humo ndani mpaka mbuzi wa jirani wakadhani wametengewa malisho.

Boma lile lilimkosesha raha. Siku moja akavaa shati la kutokea akaenda benki. Ofisa wa mikopo, dada mmoja mchangamfu, alimpigia hesabu bila kumficha kitu. Fedha za kumalizia zingepatikana, ila marejesho yangekula kodi ya vyumba vinne kati ya vitano, miaka mitatu mfululizo.

"Na hati ya nyumba itabaki kwetu, mzee wangu," alimaliza kwa upole.

Mama Pacha alikuwa anaanika nguo aliposikia habari hiyo. "Kukopa harusi, kulipa matanga. Hati yangu hailali kwa watu."

Baba Pacha akanuna siku mbili, ya tatu akaamka na wazo. Aliwaita wapangaji uani, akawatangazia kwamba atakayelipa kodi ya mwaka mzima kwa mpigo atasamehewa miezi miwili. Mwalimu alikuwa amelipwa malimbikizo yake, akakubali papo hapo. Muuguzi akafuata, halafu fundi bomba, halafu wauza mitumba, mtu na mkewe. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyesema mfuko wake hauna ubavu huo.

"Huo nao ni mkopo, mume wangu," alisema Mama Pacha usiku walipobaki wawili. "Tofauti ni kwamba benki haikai uani kwako."

Baba Pacha alicheka. Hakujua kwamba ameambiwa kweli tupu.

Mabati yalipofika, wapangaji walitoa viti nje wakakaa kutazama uezekaji kama watu waliokwenda kutazama mpira.

"Baba mwenye nyumba," mwalimu aliita, "lile bati la tatu limekaa upande!"

"Mwacheni, lile ni langu," muuguzi akadakia. "Kodi yangu ya mwezi wa nne iko pale juu."

Uani kukawa kicheko, na Baba Pacha akacheka nao. Kilichomwishia haraka ni utamu wa mwisho wa mwezi. Zamani akisikia hodi alijua fedha imekuja. Sasa hodi ilileta bomba linalovuja, kitasa kilicholegea, taa ya korido iliyoungua. Wapangaji walidai kwa kifua mbele, kwani nani aliyekuwa akimdai mwenzake? Kodi ya fundi cherehani, moja tu, ndiyo iliyonunua chakula na kulipa umeme. Paa lilisimama likimeremeta, lakini chini yake hapakuwa na mlango wala dirisha wala sakafu, na fedha zote zilikuwa zimekwisha.

Hapo ndipo shimo la choo lilipojaa.

Gari la kunyonya maji taka haliendeshwi kwa ahadi. Baba Pacha alipekua mifuko ya makoti yote, akapata tiketi kuukuu na kifungo. Akaketi kitandani, maji yamemfika shingoni.

"Mama Pacha," alisema hatimaye, "nimeshindwa. Wewe ungefanyaje?"

"Ningepangisha sebule."

"Sebule? Sebule ipi?"

"Hiyo hiyo inayotazama barabara. Fundi cherehani anashona huku magoti yamegusa kitanda, na wateja wake wanapimwa kwenye korido. Ameniambia yuko tayari kuilipia mara mbili ya kodi ya chumba, mwezi kwa mwezi."

"Na makochi yangu je? Niliyabeba kwa lori nikiendesha mwenyewe, safari ya siku tatu!"

"Makochi hayalipi kodi. Pacha wenyewe walishaoa wakahama. Tunamkalisha nani hapo, vumbi?"

Baba Pacha alikubali kwa shingo upande. Kesho yake fundi bomba na mwalimu walimsaidia kuyahamishia makochi kwenye chumba cha mwisho cha boma, wakaziba matundu ya madirisha kwa magunia. Fundi cherehani akahamishia sebuleni vyerehani viwili na kioo kirefu, na kabla ya jua kuchwa tayari wateja walikuwa wakigeukageuka mbele ya kioo hicho.

Kodi ya kwanza ya sebule Mama Pacha aliipokea mwenyewe. Ikavuta gari la maji taka. Ya pili aliigawa, sehemu akaifungia kabatini kwa siku ya shida, na sehemu ikanunua mlango na saruji ya chumba kimoja. Kimoja tu, ingawa Baba Pacha alibembeleza vimaliziwe viwili. Chumba hicho kilipata mpangaji rangi ikiwa mbichi, na kodi yake ikamalizia cha pili. Hivyo chumba kikazaa chumba, polepole, bila mtu kushika hati ya mtu.

Mwaka ulipotimia, mwalimu alikuja na bahasha iliyovimba. "Baba mwenye nyumba, nimekuja kulipa mwaka. Nisamehe tena ile miezi miwili."

Baba Pacha akaficha mikono nyuma. "Mwalimu, nakuomba sana. Nilipe mwezi kwa mwezi kama binadamu wengine!"

Chumba cha nne kilikamilika msimu wa mvua, na watu watatu wakaja kukiuliza. Baba Pacha aliwajibu wote kwamba kina wenyewe. Ndimo yalimokuwa makochi yake, na ndimo walimokuwa wamezoea kukaa, yeye na mkewe, na jioni ile walikaa humo na chai yao, mvua ikipiga juu ya mabati kiasi kwamba ilibidi wapige kelele ili wasikilizane.

"Unasemaje?" aliuliza Mama Pacha.

"Nasema nimeshiba!" alipaza sauti Baba Pacha, akanyoosha miguu.