Shamba la Ukoo Kando ya Mto

Pili alikuwa amechoka kueleza. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama. Mume ni mgeni tu anayelima shamba la wakwe, na msemaji wa shamba ni mjomba. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi analijua hilo. Lakini Akida Ahmadi, aliyeletwa na Wadachi kutoka pwani kuusimamia mji wa Morogoro, miaka yote aliyokula mahindi ya mlimani hakulijua, au hakutaka kulijua.

Boma lilipotaka uwanja wa soko jipya kando ya mto, Akida aliwaita waume. Stambuli, mume wa Pili, akaulizwa kama analitoa shamba lake. Kiboko kilikuwa mezani. "Ndiyo, bwana," akasema Stambuli. Lahaula! Shamba alimozikwa mama mkwe wake, akaligawa kama anayegawa ugoro.

"Ningesema nini?" alijitetea nyumbani.

"Ungesema, si langu. Maneno mawili tu, Stambuli! Mawili yamekushinda?"

Mjomba Pazi, mwenye kauli hasa, alishuka kutoka mlimani akakaa nje ya Boma kutwa nzima. Akida akamwambia wanaotakiwa ni wenye nyumba, si wajomba. Mzee wa watu akapanda mlima na hasira zake.

Basi siku ya baraza kuu, Pili alisimama katikati ya watu. Mbele alikaa bwana mkubwa wa Kidachi, Akida pembeni yake.

"Ikiwa kila mtu anaweza kutoa kisicho chake," Pili alipaza sauti, "na mimi natoa nyumba ya Akida, ile ya bati. Soko lijengwe humo, na chumba chake cha kulala kiwe bucha!"

Watu wakaangua kicheko. Mzungu akageuka. Kiswahili alikijua vizuri, lakini Pili kwa hasira alikuwa amemwaga Kiluguru kitupu.

"Anasema nini?"

Akida, shingo imemvimba, akatabasamu. "Anashukuru, bwana mkubwa. Wote wanalifurahia soko."

Mzungu akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Pili angeweza kujizaba kofi mwenyewe! Kiswahili alikuwa nacho tele, cha kununulia chumvi na cha kugombania, na siku ya kukihitaji kikamkimbia.

Kesho yake vigingi vilipigwa katikati ya mahindi, kimoja karibu kabisa na kaburi la mama yake. Safari hii Pili alijipanga. Alimfuata Mzungu hadi ukingoni mwa mto, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, neno moja moja:

"Bwana mkubwa, shamba hili si la mume wangu. Halijawa lake hata siku moja."

Mzungu alimsikiliza hadi mwisho. Akainama, akakitikisa kigingi kuona kama kimeshika.

"Vema," alisema. "Basi mumeo hakupoteza kitu."