Mlango wa Stoo Uwanjani Manasket

Jumamosi tarehe 27 Julai 2013, saa kumi alasiri, ndipo kila kitu kilipoharibika, na aliyekiharibu ana jina: Whitcomb Thayer, dalali wa nyumba, mwenyekiti wa kamati ya timu yetu ya besiboli, Chaza wa Manasket, mtu ambaye hajawahi kushika gongo la kuchezea ila kwa kupigwa picha.

Wiki moja kabla alikuja kwangu na boksi la keki za dukani. Alisimama jikoni akautazama mlango wangu wa stoo kama anavyotazama viwanja vya watu.

"Mzee Barros, tunauazima tu. Siku moja. Timu inatimiza miaka tisini, watu wauone."

"Utarudi?"

"Jumapili asubuhi, kabla hujanywa kahawa."

Nikafungua bawaba mwenyewe, kwa mkono wangu. Keki zenyewe zilikuwa kavu.

Sasa mtu atauliza, mlango wa stoo una nini? Una mke wangu. Filomena, Mena wangu, alifariki Februari ile, hospitali ikiwa imemrudisha nyumbani mara mbili na kumwambia ni mafua, lakini hao nao nitawasema siku nyingine. Kila kiangazi vijana wa vyuo huja huku Manasket, pwani ya Marekani, kucheza besiboli wakati wa likizo, na hulala majumbani mwetu, wala hatulipwi. Zamani za bibi yangu, alipotoka visiwa vya Kepuvede kuja kuchuma kranberi, walikuwa wanacheza wauza barafu na wapaka rangi wa hapa hapa. Baadaye vyuo vikaanza kutuletea watoto wao, mji ukawatafutia na vibarua: huyu anaosha vyombo hotelini, yule anakata nyasi makaburini, jioni wote uwanjani. Kwetu alikuwa anakaa mmoja kila mwaka. Mena aliwalisha kachupa, mchuzi wetu wa mahindi na maharage, mpaka wakasahau kwao, nao wakamwita Tia, yaani shangazi, na mimi Ti, mjomba.

Siku ya kuondoka, kijana alivua viatu, akasimama wima, mgongo mlangoni. Mena alipanda kiti, akachora mstari juu ya kichwa chake, akaandika jina, mwaka, na neno moja la kwake. "Anakula kimya." "Muongo, lakini mzuri." "Asioe yule msichana." Wanne kati yao walifika Ligi Kuu. Waliobaki wanauza bima, na kadi za Krismasi wanazoleta wao ndizo ndefu zaidi.

Mkubwa wa wote ni Orrin Castleberry, mrushaji, aliyewatesa wapigaji wa Ligi Kuu miaka kumi na minne. Juu ya mstari wake Mena aliandika: "Anaogopa radi."

Sasa turudi Jumamosi. Nafika uwanjani nakuta mlango umesimamishwa nje ya uzio wa kushoto, umefungwa kwa waya. Uzio wetu ni wa wavu, unafika kifuani kwa mtu. Nusu ya juu ya mlango ilikuwa imechomoza kama jirani anayechungulia. Thayer alitaka watu wapigwe picha nao, nyasi zionekane nyuma.

"Pale mlango utapigwa na mpira," nikamwambia.

"Na nani, Mzee? Na huyo mgeni wako?" Akacheka yeye na kamati yake.

Mgeni wangu mwaka ule alikuwa Dewitt Purcell wa Alabama, jitu la miaka ishirini lililokuwa likiinama kuingia chooni kwangu. Chuoni kwao wanapigia magongo ya alumini. Huku kwetu ni mti mtupu, na mti hausamehe. Kila wiki alirudi na gongo lililovunjika, amelibeba kama mtu aliyefiwa na kuku. Mimi vipande nikavisimika bustanini kuegemezea maharage. Mwaka ule maharage yangu yalipanda kuliko alivyopanda yeye.

Mchezo ukaanza dhidi ya Stony Harbor, na mpaka zamu ya tano kati ya tisa ilipokwisha walikuwa wametufunga sita kwa bila. Hapo Thayer akashika kipaza sauti. Akamtambulisha Castleberry, mgeni wa heshima, watu wakapiga makofi mpaka mbwa wakabweka. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya kuuzia nyumba zenye unyevu:

"Na mlango huu wa kihistoria utakaa daima katika chumba chetu kipya cha kumbukumbu!"

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu kiti changu cha kukunja kikianguka.

"Daima ni lini, Thayer? Si ulisema Jumapili?"

"Mwizi wa milango huyo!" Dona Ilidia Pires akapiga kelele kutoka kibanda chake cha chaza wa kukaanga. Ni jirani yangu, na sauti yake haihitaji umeme. "Kafunge na jiko langu ulipeleke makumbusho!"

Uwanja mzima ukacheka. Thayer akawa mwekundu mpaka masikioni. Watu wa aina yake wakichekwa hutafuta haraka kicheko cha kwao, basi akautazama ubao wa matokeo, akatabasamu.

"Sawa, Mzee Barros. Chaza wakishinda leo, nitaubeba mwenyewe mgongoni mpaka jikoni kwako. Wakishindwa, mlango ni wa kamati. Tumepatana?"

Sita kwa bila! Mtoto anayenyonya angekataa. Mimi nikasema, "Tumepatana," tena kwa kelele.

Dona Ilidia alinijia na sahani ya chaza. "Selmo, kichwa chako kiko wapi?"

"Kiko pale kwenye uzio."

"Basi kula. Ukilia ukiwa na njaa inakuwa mbaya zaidi."

Kisha ukungu ukaja. Anayeishi hapa anaujua: unatoka baharini bila kuaga, unameza kwanza mnara wa maji, halafu miti, halafu mchezaji aliyesimama mbali kabisa. Uwanja wetu hauna taa, kamati imeziahidi tangu Mena ana nywele nyeusi. Na humo humo kwenye ukungu, vijana wetu wakapagawa. Mpira mmoja ulimpita mtu wa Stony Harbor miguuni, akaendelea kuutafuta kama mtu aliyeangusha meno. Pointi mbili. Mwingine ulidondoka katikati ya watu watatu, kila mmoja akisema "wangu, wangu," kumbe si wa yeyote. Pointi mbili nyingine. Zamu ya nane tukaongeza moja. Sita kwa tano! Wazee waliokuwa wameshakunja viti wakavikunjua. Padri alikuwa anarukaruka. Thayer alikuwa anakunywa maji tu.

Zamu ya tisa, ya mwisho. Wawili wetu walikuwa wametolewa, wa tatu akitolewa mchezo umekwisha; mmoja, kijana mwembamba aitwaye Pruitt, yuko kituo cha kwanza. Na anayekuja kupiga ni nani? Purcell wangu, na gongo lake la mwisho lililobaki zima.

Alipopita mbele yangu alisimama. "Ti Selmo, nikilivunja hili?"

"Nina nyanya hazina miti. Nenda."

Mrushaji wao akarusha, Purcell akakosa kwa mbali kabisa. Akarusha tena, akakosa kwa mbali zaidi; akikosa ya tatu ametolewa. Dona Ilidia akafunika macho kwa mwiko. Akarusha mara ya tatu, na hapo ukasikika ule mlio ambao alumini haitoi hata ukiipigia magoti: *tah!* Mpira ukapaa kushoto, ukaingia kwenye ukungu, ukapotea. Watu wote wakasimama.

Halafu, kutoka huko kusikoonekana: *ngo!*

Kubisha mlango. Wazi kabisa, kama mgeni wa saa ya chakula.

"Karibu!" akajibu Dona Ilidia, na uwanja ukapasuka.

Pruitt aliamini mpira umevuka uzio, basi akaanza kutembea badala ya kukimbia, mikono juu, anawapungia wasichana. Purcell nyuma yake analia na kucheka. Ukivuka uzio, pointi zote mbili zinahesabiwa, tumeshinda saba kwa sita. Lakini mchezaji wa kushoto wa Stony Harbor, katika ukungu ule, aliukuta mpira miguuni pake, ndani ya uwanja. Ulikuwa umegonga mlango na kurudi. Akaurusha. Pruitt bado anapunga mkono, mdakaji wao akamgusa nao tumboni, taratibu, kama anampa mkate. Mpira ukiwa haujavuka, huyo ametolewa, mchezo umekwisha, sita kwa tano, wameshinda wao.

Timu zote mbili zikaanza kushangilia. Nasema kweli, zote mbili! Zilirukiana katikati ya uwanja, watu wamelaliana bila kujua nani ni nani. Purcell alimbeba juu mtu wa Stony Harbor dakika nzima. Mimi nilimbusu mke wa Thayer kwenye shavu kwa bahati mbaya, naye akasema, "Ahsante."

Waamuzi walikuwa wawili, na hakuna aliyeona chochote. Wakamwita Thayer.

"Mlango ule ni sehemu ya uzio au uko nje ya uzio?"

"Ni... ni wa maonyesho," akasema Thayer.

"Sikuulizi wa nini. Umefungwa kwenye uzio kwa waya. Ukiwa sehemu ya uzio, mpira uliorudi ni mpira hai. Ukiwa nje, umevuka. Kamati ilitunga sheria gani?"

"Hatukutunga."

"Nani aliuweka pale?"

Thayer akafungua chupa yake ya maji. Watu mia nne wakajibu kwa niaba yake.

Akatafutwa shahidi, akapatikana mmoja tu: Orrin Castleberry. Alikuwa kule nyuma ya uzio, anawasainia watu mipira. Akaletwa kwenye kipaza sauti, bwana mkubwa na koti lake la kitani, lina majani mgongoni.

"Uliona mpira?" mwamuzi akamuuliza. "Ulikuwa juu ya uzio au upande wa ndani?"

Castleberry akakohoa. "Nilisikia unakuja. Kama radi." Akanitazama mimi. "Nikachuchumaa nyuma ya mlango, nikafumba macho."

Hapo nilicheka mpaka mbavu zikauma, mara ya kwanza tangu Februari. Nilianza mimi, akafuata yeye, kisha Dona Ilidia, kisha uwanja wote, watu wamekaa chini kwenye nyasi mbichi. Miaka kumi na minne Ligi Kuu, na Mena alikuwa ameshaandika.

Waamuzi wakasema suala litapelekwa ofisi ya ligi. Na kwa kuwa hajulikani mshindi, hajulikani mwenye mlango, basi usiguswe na mtu, uachwe pale pale.

Ligi ilifungwa Agosti. Siku ya Purcell kuondoka tulikwenda uwanjani sisi wawili, na kiti cha jikoni. Alivua viatu kwenye nyasi, akasimama wima. Karibu na mstari wake, juu kuliko yote, kuna alama ya duara, nyekundu kidogo, ya nyuzi za mpira. Nikachora, nikaandika jina na mwaka. Neno nilikuwa sijawahi kuliandika mimi; nikaliandika.

"Umeandika nini, Ti Selmo?"

"'Alibisha hodi.'"

Akanikumbatia mpaka kiti kikavunjika. Gongo lake ninalo, liko kwenye nyanya.

Sasa ni Oktoba. Nimeufunika mlango kwa turubai, mvua isilambe mwandiko wake. Stoo yangu iko wazi, panya wananitazama nikila. Watu wakipita uwanjani wanabisha *ngo ngo*, wengine wanajiitikia wenyewe. Ofisi ya ligi wanasema wameunda kamati ndogo. Thayer anasema tusubiri kamati ndogo. Wote hao wamesoma, wana mahesabu na sheria na tai, na swali langu ni moja, hata mbele ya Mungu nitaliuliza kabla sijavua kofia: mpira ule uliogonga mlango wa Mena, ulikuwa ndani ya uwanja au nje?