Bastola Isiyojichora

Verlon Tackett alikuwa na miaka sitini na minane na tumbo la kutosha kuficha bastola ya kawaida, lakini kwa macho ya Kendra, mke wa mwanawe, tumbo hilo halikutosha. Mwezi uliopita aliinama kumbusu mjukuu, shati likapanda kidogo, na chuma kikachungulia. Kendra hakupandisha sauti.

"Baba, hicho kwangu hakiingii. Ukija nacho, Josie humshiki."

Josie ndiyo kwanza alikuwa na wiki sita. Mwingine angeiacha bastola nyumbani, mambo yakaisha. Lakini Verlon alikuwa ametembea nayo miaka ishirini, na katika mji wao huo wa jimbo la Oklahoma, Marekani, hata mchungaji alipanda mimbarini nayo kiunoni. Kutoka bila bastola ilikuwa kama kutoka bila suruali. Basi akatumia akili za kwao: akaenda dukani kutafuta ndogo zaidi.

"Hii imeingia juzi," alisema Dub Hargis, mwenye duka, akiilaza juu ya kitambaa. "Ukiipoteza ndani ya nguo zako usije kunilaumu."

Verlon akaipima mkononi. Nyembamba, kingo zimelainishwa, haina pembe ya kukwaruza mbavu. Uzito wake kama kopo la maharage lililoliwa nusu. Aliipenda papo hapo, ingawa hakutaka Dub ajue.

"Mpini mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani," akalalamika.

"Kikate."

Wakaenda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka. Risasi ya kwanza ilimrusha mkono hadi usawa wa kofia.

"Inapiga teke hii!"

"Kanyama kadogo, hasira nyingi," Dub akasema. "Kaza kiganja, mzee, si mkono wa mchumba huo."

Akakaza. Katika risasi kumi, tisa ziliingia ndani ya duara. Ya kumi, Dub aliapa, ilikuwa njiani kuelekea jimbo jirani la Kansas.

Ukabaki mtihani wa kuivaa. Umbo la bastola likionekana juu ya shati, watu wa huko husema imejichora, na kwa mvaaji hiyo ni aibu. Verlon akakaa kwa kinyozi nusu saa, akainuka, hakuna aliyetupia jicho. Akainama kuokota misumari kwa seremala, hakuna aliyegundua. Jumapili akampelekea kiuno Dada Oneta, mama wa kanisa anayekumbatia kila mtu kwa mikono miwili bila huruma. Ndiye aliyewahi kumwambia Dub mbele ya waumini, "Bastola ya kushoto hiyo inanichoma, ndugu." Alimkumbatia Verlon, akamwachia, akamtazama.

"Umekonda wewe?"

Verlon alifurahi hata akaimba beti asizozijua.

Jioni hiyo akampigia Kendra simu. Mwanawe alikuwa kwenye visima vya mafuta mpaka mwisho wa mwezi, na Kendra alikuwa peke yake na mtoto.

"Nije kesho nimwone? Ile bastola naiacha nyumbani."

Na hakusema uongo. Ile kubwa aliifungia kabatini.

Kesho yake, njia nzima alijiandaa. Kendra akimtazama kiunoni, angegeuka ubavu. Akimkumbatia, sawa, kama Oneta ameshindwa, Kendra ni nani? Akamwazia Josie mikononi mwake, akatabasamu peke yake kwenye usukani.

Kendra alifungua mlango nywele timtim, mtoto begani, shati lina maziwa. Kiunoni hakutazama.

"Afadhali umekuja, Baba. Sijaoga tangu juzi. Mshike."

Akamtia Josie mikononi mwake, akageuka kwenda bafuni.

Verlon alibaki amesimama na kile alichokitaka. Kiguu cha mtoto, ndani ya soksi ya manjano, kilitulia pale pale juu ya bastola. Haikujichora hata chembe. Mtu anayekukagua unaweza kumpiga chenga na ukacheka kwa furaha, lakini Kendra hakukagua. Verlon aliona haya, haya ya kweli, hadi masikio yakamwaka.

"Kendra."

"Mm?"

"Mchukue kwanza."

Kendra akarudi. "Kuna nini?"

"Ninayo. Nyingine. Ndogo."

Kendra akamchukua mtoto taratibu. "Si ulisema umeiacha?"

"Ile kubwa nimeiacha."

Hata yeye mwenyewe alisikia kwamba hilo lilikuwa jibu la mtoto wa chekechea. Akatoka hadi kwenye gari lake, akaifungia bastola ndani ya kisanduku cha chuma chini ya kiti, akarudi. Mlango ulikuwa umefungwa. Akabisha.

Kendra akaufungua nusu. Safari hii alitazama: kiunoni, mgongoni, hadi vifundo vya miguu. Mwisho akamtazama usoni.

"Sasa itabidi nikuulize kila ukija. Sipendi, Baba, lakini nitauliza."

"Uliza."

"Unayo?"

"Sina."

Kendra akampima kwa macho. Kisha akampisha aingie, akampa Josie. Halafu akavuta kiti, akaketi mbele yao na nywele zake zile zile, na kuoga hakwenda.