Sauti Iliyofutwa

Alhamisi mchana Zenobia alipoisikiliza rekodi ya kipindi chao cha shule, sauti ya Mama Eulogia waliyemhoji haikuwemo. Pale ambapo yule mama alieleza jinsi maji ya bomba la mtaa wa juu yalivyogeuka rangi ya kutu tangu mgodi uanze kumwaga taka mlimani, palikuwa na kimya kifupi, kisha muziki.

Waliokuwa wameyasikia mahojiano hayo ni watatu tu: Zenobia mtangazaji, Edzon aliyekata na kuunga sauti, na Mwalimu Tarquino aliyewasimamia. Baba yake Edzon alikuwa mnyapara mgodini. Kikulacho ki nguoni mwako, Zenobia akawaza.

"Mashine ilikwama," Edzon alisema, macho yake kwenye nyaya.

"Ikakwama hapo hapo tu? Ina akili kweli hiyo mashine."

"Zeno, achana nayo. Tuweke ile habari ya bei ya viazi."

"Mpelekee baba yako hivyo viazi, avitafune."

Edzon akavaa sweta lake akaondoka. Zenobia akamfuata kwa mbali, akimwona anapanda mlima mpaka kwa Mama Eulogia na kuingia bila hodi, kama kwao. Naye akaingia mbiombio.

"Umekuja kumtisha mama wa watu?"

Mama Eulogia alikuwa akikoroga uji wa mahindi ya zambarau. Hakuinua hata kichwa.

"Kaa, mwanangu. Aliyemwita ni mimi. Juzi mkubwa wa mgodi alinikuta sokoni. Si baba yake huyu, yule bosi wao. Akaniambia, 'Mama, nasikia una sauti nzuri ya redio.' Akacheka. Na mtoto wangu anaingia shimoni mle kila siku kuchimba. Ndipo nikamwomba kijana aifute, nikamwapisha asimwambie mtu."

Zenobia aliona uso wake unawaka kwa aibu. "Nisamehe, Edzon."

"Baba yangu hata viazi hapendi," Edzon alisema.

Wakanywa uji. Halafu Edzon akauliza polepole, "Lakini kipindi hakijaenda hewani. Bosi alijuaje?"

Wakatazamana, kila mmoja akilijua jina ambalo hakutaka kulitaja.

Ijumaa asubuhi Zenobia alimkuta Mwalimu Tarquino mlangoni mwa studio. "Mwalimu, yale mahojiano ulimsikilizisha nani?"

Mwalimu alikohoa, akanyoosha kola yake. "Mambo mengine nayafanya kwa usalama wenu."

Saa ya kipindi ilipofika waliweka habari ya viazi, kama Edzon alivyotaka tangu jana. Ilipoisha, Edzon akarusha sauti nyingine: maji yakimiminika ndooni. Zenobia akasogelea kipaza sauti.

"Haya ni maji ya bomba la mtaa wa juu. Nimeyakinga mwenyewe jana jioni. Yana rangi ya kutu, na ndivyo watu wanavyoyanywa."

Nyuma ya kioo mwalimu alisimama ghafla, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Mngenionyesha kwanza," aliwaambia baadaye.

"Yale ya kwanza uliyasikia, yakamfikia bosi. Ndiyo sababu haya hatukukuonyesha," Zenobia alijibu.

Wiki iliyofuata lori la maji safi lilipanda mtaa wa juu. Hakuna aliyesema limetumwa na nani. Mkubwa wa mgodi alisimama kando, akiwakagua watu waliopanga foleni. Mama Eulogia alipita na ndoo zake karibu na Zenobia bila kumsalimu. Zenobia naye akageuza uso, akajifanya hamjui, yule mkubwa asije akadhani mama ndiye aliyemtuma aseme redioni.