Mkono Mgongoni mwa Msabaha

Mwatima hakuwa mtu wa kuchungulia migongo ya watu, na mgongo wa mumewe ndio kabisa, maana alikwisha kuuzoea kama alivyouzoea mlango wa friji. Lakini Jumanne ile Msabaha alitoka bafuni na taulo kiunoni, akampita akielekea chumbani, na Mwatima akauona. Mkono. Mkono mzima wa mtu, vidole vitano na kiganja chake, umejichora chini ya bega la kulia, mwekundu, umevimba, na malengelenge yamejaa kwenye kila kidole.

"Msabaha! Simama hapo hapo!"

Akasimama. Alikuwa mtu mpole, fundi wa mabasi, na akiambiwa simama husimama.

"Mkono wa nani huo?"

"Upi?"

"Huo ulio mgongoni mwako, unaonikodolea macho!"

Msabaha akajipinda mbele ya kioo cha kabati, akajitazama kwa muda, na badala ya kushtuka kama mtu mwenye haya zake, akatabasamu. Wallahi akatabasamu.

"Wako," akasema.

Hapo ndipo alipoharibu. Angesema hajui, angesema kaegemea injini ya moto kazini, Mwatima angeguna na mambo yangepita. Lakini wako! Mwatima alirudisha akili nyuma wiki, akarudisha mwezi, akafika Ramadhani, akaipita. Hakukumbuka kumgusa mtu huyu. Si kwa ugomvi, hawakuwahi kugombana hivyo. Watoto walikua, zamu zikapishana, yeye akirudi kutoka kuwaogesha wazee wa watu mwenzake ndiyo kwanza anavaa viatu, na kitanda kikawa kama kituo cha basi, mmoja anashuka mwingine anapanda. Kwa hiyo mkono ule ungeweza kuwa wa mwanamke yeyote hapa London, isipokuwa yeye.

"Muongo mkubwa we! Mimi nimekugusa lini?"

"Basi, Mama Afnan," akasema Msabaha, na lile tabasamu likamtoka.

Mwatima aliumia. Nakwambia aliumia mpaka meno. Mtu kukudanganya ni jambo moja, lakini mtu asijisumbue hata kutafuta uongo unaoingia akilini, hiyo ni dharau. Alimkalisha kwenye kiti, akatwaa karatasi ya kuokea keki na kalamu ya wino mzito, akaunakili ule mkono kuanzia kidole gumba hadi kidole cha mwisho, bila ya kumgusa mwenye mgongo hata kwa ncha ya ukucha. Kisha akachukua boksi la konfleksi, akaukata mkono wenyewe kwa mkasi. Akapata mkono wa boksi, upande mmoja mweupe, upande wa pili una picha ya bakuli la maziwa.

"Mum, this is not normal," akasema Afnan, binti yao wa mwisho, aliyezaliwa hapa hapa Thamesmead na ambaye Kiswahili hukisikia chote akakijibu kwa Kiingereza.

"Hiyo normal kaifanye kwako ukiolewa," akajibu Mwatima, na mkono akautia kwenye pochi.

Jioni ile Msabaha alihamishiwa ndani ya gari lao, Toyota kuukuu lililokuwa likiegeshwa mbele ya nyumba, pamoja na mto wake na blanketi. Na hukumu ikatoka kwa simu mpaka Harrow waliko kaka zake Msabaha: Jumapili waje wakae kikao. Ama mwenye mkono atakuwa amepatikana, ama Mwatima anadai talaka yake na kila mtu ashike njia yake. Msabaha alisikia kila kitu kupitia dirisha la gari. Hakujitetea. Aliuliza tu kama anaweza kupata na chai.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Bi Shinuna. Huyu alikuwa mjane mwenye vidole virefu vya kujaa pete, anayecheka na waume za watu huku kashika kifua, na aliyewahi kumwambia Msabaha mbele ya kadamnasi, khitmani, "Shemeji, umenawiri!" Nani ananawiri na mabasi? Lakini Mwatima alikuwa mwadilifu. Hakutaka kumzulia mtu. Alitaka kupima mikono yote ya kinamama wa Thamesmead, mmoja baada ya mwingine, na haki itendeke.

Sasa utawapimaje wanawake wazima mikono bila ya kuulizwa una wazimu? Unawapaka hina.

"Hina ya nini?" wakauliza kwenye kundi lao la wasap. "Hakuna harusi, hakuna Idi."

"Ya joto," akaandika Mwatima. "Hina inapoza."

Na joto kweli lilikuwepo. Wiki nzima jua lilikuwa limeikalia London kama deni, Wazungu wamevua mashati hadi mabarazani. Alhamisi asubuhi Mwatima akaingia bustanini nyuma ya nyumba kutengeneza mahali pa kutandika mikeka. Tatizo lilikuwa lile dubwana lililoota penye uzio, upande wa mfereji: mmea mrefu kumpita mtu, shina lina mabaka ya zambarau, majani mapana, na maua meupe yaliyotanda juu kama mwavuli. Ulikuwa ukiunyima jua mchicha wake. Jumapili iliyopita alikwisha kuupunguza kwa kisu cha mkate, lakini ndiyo kwanza ulikuwa umesimama. Akaufyeka tena kwa hasira zake zote, na kila shina akilipa jina la Shinuna. Utomvu ukamchuruzika viganjani. Akajifuta kwenye kanga, akapachika mashuka juu ya uzio ili wapita njia wasichungulie, na wageni wakaanza kubisha hodi.

Wakaja wote. Wakavua mabaibui, wakakaa juani na magauni ya mikono mifupi, wakishukuru upepo. Hata Mwende jirani yao, nesi kutoka Machakos, alikuja. "Mimi si mtu wa hina, Mama Afnan," akasema. "Mimi nimekuja sambusa." Afnan ndiye aliyekuwa mchoraji, na mbele yake juu ya meza ndogo Mwatima aliuweka ule mkono wa boksi, eti ni wa kulazia kiganja hina isichafue kitambaa. Kila mwanamke zamu yake ikifika, Mwatima mwenyewe alimshika mkono juu ya kiwiko, akamkalisha, akamlaza kiganja penye boksi, akainama kutazama kwa jicho moja kama sonara.

Mmoja vidole vifupi. Mwingine kiganja kipana. Alipofika Bi Shinuna, Mwatima alimshika mkono kwa nguvu hata mwenzake akasema, "Ebo! Unanipeleka jela?" Akamlaza kiganja. Vidole vikapita boksi, vikatokeza nje na pete zake zote. Mwatima alikuwa ameshamchukia Bi Shinuna vizuri kabisa, na sasa ilimbidi aache.

Jumamosi kundi la wasap likalipuka.

Aliyeanza aliweka picha ya mkono wake, juu ya kiwiko: alama nyekundu ya vidole vya mtu, na malengelenge. "Jamani, nini hiki?" Ikaja picha ya pili. Ikaja ya tatu. Mpaka adhuhuri ilikuwa mikono mitupu, ya kila rangi na kila unene, na kila mmoja umeshikwa na mkono mwingine wa moto. Mmoja akasema ni jini. Mwingine akasema ni jini kweli, la mkono mmoja, na limekuja na ndege kutoka Pemba maana anamjua mtu aliyepanda nalo. Wa tatu akasema majini hayahitaji ndege. Wakabishana hapo kwa muda mrefu, na mmoja wao akajitolea kumtafuta mwalimu awasomee wote kwa video.

Mwatima akachukua mkono wake wa boksi, akauweka juu ya kioo cha simu, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikaenea. Ukaenea sawasawa! Akajaribu picha nyingine, akaivuta, nayo ikaenea. Kumbe ukivuta picha kiasi cha kutosha mkono wowote duniani utaenea, lakini yeye hilo hakulifikiria, roho ilikuwa juu. "Afnan! Njoo uone! Mwanamke huyu hakutosheka na baba yako. Alikuwa hapa hapa uani kwangu, anakula sambusa zangu, anashika watu!"

"Mum," akasema Afnan polepole, "who was touching everyone?"

"Ndiyo hilo ninalolitafuta!"

Jumapili asubuhi, kabla kaka za Msabaha hawajafika, kinamama walijaa sebuleni, mikono ya magauni imekunjwa juu. Bi Shinuna akasimama katikati.

"Mwatima, shoga yangu, niambie. Siku ile nani alinishika hapa?"

"Watu walikuwa wengi."

"Hakunishika mtu ila wewe. Ulinishika kama polisi."

"Hata mimi," akasema mwingine. "Na mimi," wakasema wengine.

Mwende alikuwa ameuokota ule mkono wa boksi pale mezani, anaugeuzageuza, mara weupe, mara bakuli la maziwa. "Hii umetupima nayo sisi wote?" akauliza.

Kwa hasira na kwa uchovu Mwatima akasema kweli. "Wote! Nawe pia."

"Na wewe?"

"Mimi nijipime nini? Mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Aki weka tu, Mama Afnan. Weka tuone."

Akaweka, ili wamwache. Kiganja kikalala juu ya boksi, na vidole vikalala juu ya vidole. Haukuzidi, haukupungua. Mwatima akauondoa mkono wake, akautazama mbele na nyuma, akauweka tena. Ukaenea tena.

Mwende alikwisha kwenda dirishani. "Ni ile mti umekatakata pale nyuma," akasema. "Utomvu wake ukikaa kwa ngozi halafu jua lipige, unachoma hivyo. Tunawaona hospitali kila kiangazi. Kiganja chako ni kigumu, na unanawa kila swala, ndiyo maana wewe uko sawa. Sisi ndio umetupaka."

Wakacheka. Lo, walicheka! Bi Shinuna alicheka kashika kifua mpaka akakaa chini kwenye zulia. Yule aliyesema jini limekuja na ndege alijifuta machozi kwa mtandio. Mwatima naye alicheka, kwa aibu na kwa raha, kwani mume wake hakuwa na mwanamke, alhamdulillahi, hakuwa na mtu! Halafu kicheko kikamkatika. Aliwaacha pale pale, akatoka nje bila viatu.

Msabaha alikuwa amekaa kiti cha abiria, kikombe mkononi. Mwatima akafungua mlango wa dereva, akaingia, akashika usukani kama mwenye safari.

"Ni wangu," akasema.

"Nilikwambia."

"Lini, Msabaha? Nilikugusa lini?"

"Jumapili ile. Nilikuwa nimekaa uani, kifua wazi, natengeneza pampu ya mashine ya kufulia. Ukatoka kule kwenye uzio, ukaruka vyuma vyangu, ukaweka mkono mgongoni usije ukaanguka."

Mwatima akakumbuka. Alimshika kama mtu anavyoshika ukuta.

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo tu. Mimi nikatulia, nisitikisike, usije ukauondoa upesi." Akanywa chai. "Asubuhi ya pili nikasikia panawaka. Mpaka Jumanne ukaniambia kuna mkono. Nikadhani labda ndivyo ngozi inavyofanya, mtu ukiguswa baada ya muda mrefu."

Mwatima alitamani kucheka, akashindwa. Mbele ya kioo palikuwa na dawa ya kupaka aliyoinunua Afnan Jumatano, tyubu nzima, haijafunguliwa.

"Mbona hukupaka dawa?"

"Sifiki mgongoni."

"Na Afnan angekukatalia?"

Msabaha alitazama ndani ya kikombe. "Sikutaka mkono wako upotee," akasema.

Mwatima akashuka. Akapita katikati ya kinamama waliokuwa bado wanacheka, asimjibu mtu, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, akanawa tena, akajikausha kwa taulo safi. Aliporudi garini alikaa kiti cha nyuma, akafungua ile tyubu.

"Vua shati."

"Mtaani? Watu watatuona!"

"Waone."

Akavua. Mkono ulikuwa pale pale chini ya bega, sasa umekuwa kahawia. Mwatima akatia dawa kiganjani, akakiweka juu yake, na kikaenea.

"Mum!" Afnan aliita kutoka mlangoni. "The uncles are here!"

"Wape chai wasubiri," akajibu Mwatima, na Msabaha alipotaka kugeuka kuwaangalia kaka zake, akamkandamiza kidogo. "Na wewe tulia. Sijamaliza."