Mama wa Nyota Nne na Nusu

Tone. Kimya. Tone. Bomba la jikoni lilikuwa likidondoka gizani kwenye beseni, na mahali fulani kati ya tone moja na jingine ndipo usiku wa jana ndoto iliponichukua.

Niko jikoni kwetu, Morogoro. Kompyuta yetu kuukuu imewashwa, na sauti yangu inamsimulia binti yangu Tunu hadithi ya kobe aliyekwenda kuposa. Hilo si geni. Jioni ninapokwenda darasani kusomea mtihani wa kidato cha nne, wifi yangu Sikudhani humlaza mtoto kwa hadithi nilizorekodi mwenyewe, nikazisafisha kwa programu ya kuhariri sauti.

Kigeni ni kwamba sauti hiyo imegeuka mtu: Sauti amekaa kwenye mkeka. Amevaa khanga yangu, ile mpya. Shingo yake ni ndefu kuliko yangu. Anasimulia bila kusita, bila kukohoa, bila zile "eeh" zangu, na Tunu amemlalia pajani, ametulia kama maji mtungini. Kwangu mimi hulala akinipiga mateke.

"Usimsumbue, wifi," Sikudhani ananiambia huku akikoroga uji. "Yuko na mama yake."

"Mama yake ni mimi."

"Na wewe pia," anasema, kama mtu anayegawa mboga.

Wivu unanipanda hadi masikioni. Wenzangu huwaonea wivu wake wenza. Mke mwenza wangu mimi ni mimi mwenyewe, niliyefuliwa na kupigwa pasi.

Namwendea Mkasi. Huyu ndiye anayekata sauti ndani ya programu. Leo ametoka kwenye kioo cha kompyuta, amekaa kwenye stuli, miguu ameikunja nne, anakunywa chai ya rangi.

"Umemtengeneza nani yule?" namuuliza.

"Wewe, mama Tunu. Ulinionyesha kikohozi ukasema hii ni kelele. Nikakata. Ukanionyesha pumzi ukasema na hii ni kelele. Nikakata pumzi zote, hata zilizojificha katikati ya maneno."

"Basi nirudishie."

"Ulishahifadhi kazi." Anamimina sukari. "Kama una malalamiko, wapelekee Maoni."

Jikoni panageuka darasa langu la jioni. Kwenye madawati wamekaa Maoni ya Watumiaji, wale wale niliowasoma juma zima kabla sijachagua programu. Kila mmoja amepakata nyota zake kama anayepakata kuku wa kupeleka sokoni.

"Nyota tano," anasema mzee mwenye kofia ya ukindu. "Programu nyepesi, haili nafasi. Nimemhariri mke wangu, nyumba imepoa."

"Nyota moja," anasema mwanamke wa dawati la nyuma. "Kompyuta yangu iliibiwa kabla sijaijaribu."

"Sasa hilo ni kosa la programu?"

"Mwizi simjui. Nimpe nani?"

Mkasi anagonga ubao. "Leo tunapima mama. Wako wawili. Mwenye nyota chache anafutwa."

Wanamtazama Sauti. Wanamzunguka, wanamgonga mgongoni kama watu wanaonunua tikiti maji. Safi, wanasema. Hana mikwaruzo. Anarudia hadithi mara mia bila kununa. Wanampa nyota nne na nusu.

"Nusu nyingine imekwenda wapi?" Sauti anauliza kwa adabu. Hata swali lake linapendeza. Nataka kumkwaruza.

Kisha wananigeukia mimi.

"Mzito kuwaka asubuhi," anasema mzee.

"Ananuka kitunguu."

"Jioni haonekani. Ukimtafuta, yuko na aljebra."

Nyota mbili. Wanazimwaga kwenye pindo la khanga yangu ya zamani. Ni baridi, nzito kama viazi vibichi.

"Nasoma kwa ajili yake," nasema. "Nataka akianza shule, akiniuliza kitu, nijue."

Mzee anafikiri kwa uungwana. "Hicho bado hakijaonekana, mwanangu. Sisi tunapima kilichopo."

Vidole vyangu vya miguu vinaanza kufutika, vya mguu wa kushoto kwanza. Haviumi. Kinachoniuma ni kwamba Tunu hajageuka kutazama.

Sikudhani anaingia na bakuli la uji, analiweka kwenye dawati la mbele. Tunu anaketi, anachovya kidole, anakichomoa.

"Nipulizie, mama," anamwambia Sauti.

Sauti anainama. "Nakupulizia, kipenzi cha mama," anasema, na darasa zima linaguna kwa raha. Midomo yake inachongoka vizuri kabisa. Mvuke unapanda wima, hautikisiki.

"Nipulizie."

"Nakupulizia, kipenzi cha mama." Maneno yale yale, kwa upole ule ule. Kifuani hana kitu.

"Mbona hili hakuna aliyeliandika?" anauliza mwanamke wa nyota moja.

"Hakuna aliyemwomba," anasema Mkasi, na kwa mara ya kwanza anaweka kikombe chini.

Mimi nimefutika hadi magotini. Nazimwaga nyota zangu mbili sakafuni, najiburuta kwa mikono katikati ya madawati. Njiani kikohozi kinanishika, kile kibaya cha moshi wa mkaa, na Maoni wanaziba masikio. Nafika. Navuta pumzi ndefu yenye kukwaruza, kelele tupu, naishusha juu ya bakuli. Mvuke unalala kama nyasi. Tunu anafungua mdomo.

Niliamka midomo ikiwa bado imechongoka. Kulikuwa kumekucha. Tunu alikuwa ameketi kando yangu kitandani, kiganja chake kimetulia kifuani pangu, kikipanda na kushuka, naye akinitazama kwa makini kama fundi anayesikiliza injini.

"Mama, yule mwingine hajui kupuliza," alisema.