Salamu Iliyopunguzwa Uzito

Ofisi ya kuongea na wafungwa ilifunguliwa saa mbili asubuhi kama kawaida, na fundi wa mitambo akapangusa trei ya mashine kwa kitambaa kikavu. Ndugu hawakuruhusiwa kufika gerezani. Waliongea kwa skrini. Ila kabla ya maneno, mashine ya gerezani na ya hapo ofisini zilipaswa kupeana mkono na kukubaliana neno la siri, wambeya wasisikilize. Pale ofisini, programu ya mlangoni ilikuwa ikianza ile salamu, ikiifunga kama kifurushi ikiwa nusu, na kuikabidhi programu ya ndani iimalizie.

Salamu hiyo nusu ilidondoka kwenye trei: mkono wa mfungwa, wenye joto lake, kuanzia begani. Hakuna aliyeshangaa. Malalamiko yalikuwa ya nafasi tu, maana mikono ya wanaume wazima na trei moja, fikiria mwenyewe.

"Punguza mzigo," bosi alimwambia fundi. "Programu ya ndani inahitaji nini hasa ili imalize?"

"Kiganja na lile neno la siri, bosi."

"Sasa mabega ya nini? Tunafungua bucha?"

Fundi akapunguza. Tangu hapo mkono ulikatwa kwenye kifundo kabla ya kukabidhiwa, na salamu zikawa zinakwenda chapuchapu. Bosi akawanunulia watu soda.

Ndipo akaja mama mmoja na mjumbe wa mahakama. Wiki iliyopita, mkono wa mwanawe ulipokuja mzima, mama aliona alama za kamba na za sigara kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko. Alipokwenda kushtaki, hakimu alisema mjumbe akiziona kwa macho yake, kijana atahamishwa gereza.

Trei ikalia. Kikadondoka kiganja, kisafi, kucha zimekatwa.

"Mkono wa mwanangu uko wapi?"

"Ndio huo, mama," fundi akajibu.

"Huu mkono au glavu? Mimi nilizaa mtu, baba. Glavu zinauzwa dukani."

"Salamu inakamilika, mama yangu. Kule kwingine kulikuwa uzito tu."

Mjumbe akainama, akakigeuza kiganja huku na huku kama anayechagua nyanya.

"Mimi sioni alama yoyote, mama," akasema, akavaa kofia yake, akaondoka.

Skrini ikawaka. Ulionekana uso peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanakutendeaje huko?"

"Vizuri tu," akajibu, akimwangalia mtu aliyesimama pembeni yake, nje ya skrini.

Kiganja kikamshika mama, kikakaza. Muda wao ulipokwisha hakikuachia. Fundi akasubiri kidogo, kwa heshima, kisha akavibandua vidole kimoja kimoja, maana nyuma kulikuwa na foleni.